Mwalimu Mizizi, Aliyempima Kila Mtu kwa Metali

Ndugu, majirani, wanafunzi wa zamani na wote mliofika kumsindikiza marehemu: wasifu huu umeandikwa na binti yake, mtoto wake wa tatu, naye ndiye anayeusoma mbele yenu. Kwa heshima ya shughuli hii atajitaja humu kama mtu mwingine, maana wasifu ni wa marehemu, si wake. Ulikuwa usomwe na kaka yake mkubwa. Ndege yake imechelewa, au hakuipanda, taarifa zinapishana. Shangazi, dada pekee wa marehemu, ndiye aliyemkabidhi binti kalamu. "Andika wewe," alimwambia. "Lakini uandike vizuri. Maiti hasemwi." Binti akajibu, "Sitamsema, Shangazi. Nitamweleza tu."

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1944, katika chumba kimoja nyuma ya stoo ya mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi mwashi na mama aliyefua nguo za watu. Shangazi anasimulia kwamba alipokuwa na miaka sita alivipanga vijiko vya nyumbani kwa ukubwa, kutoka upawa hadi kijiko cha chai, na mtu akikihamisha kimoja alilia mpaka kirudishwe. Shangazi ndiye aliyekuwa akivihamisha. Alichapwa kwa ajili hiyo mara nyingi, na anasema mpaka leo hajutii hata mara moja.

Alianza shule Januari 1952 na hakuwahi kushika nafasi ya pili. Mwaka 1958 baba yake alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika nyonga, na ada ikakosekana. Mwaka uliofuata marehemu akapata kazi ya kuosha chupa kila alasiri katika duka la dawa la mfamasia mmoja mzee, mtu mkavu aliyeandika vibandiko vyake vyote kwa Kilatini. Huko ndiko alikokutana na mizizi saba ya maneno, mmoja kwa kila metali ya kale. Mzee alimweleza kwamba metali zile za kale, hata zikiitwaje sokoni, katika sayansi bado zimebeba Kilatini mgongoni: dhahabu ni aur-, ndiyo maana huandikwa Au, fedha ni argent-, huandikwa Ag, shaba ni cupr-, chuma ni ferr-, bati ni stann-, risasi ile ya kijivu ya kutengenezea mabomba ni plumb-. Zebaki ni hydrargyr-, neno ambalo Kilatini kililikopa kwa Wagiriki, jambo ambalo marehemu hakupenda likumbushwe. Kila jioni mzee aliinua chupa. Marehemu akikosea mzizi, rula ilishuka kwenye vifundo vya vidole. Alipotusimulia habari hizi alituonyesha vile vifundo, na alivionyesha kwa fahari, kama mwingine anavyoonyesha cheti.

Alihitimu ualimu mwaka 1966 na Januari 1967 akaanza kufundisha kemia katika shule ya sekondari ambayo hakuiacha mpaka alipostaafu mwaka 2004. Miaka thelathini na saba, maabara moja, koti moja jeupe lililobadilishwa mara nne. Wanafunzi ndio waliomwita Mwalimu Mizizi, na jina lilimkaa. Wengi wenu hapa mnakumbuka wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza. Alimsimamisha kila mtoto mbele ya darasa, akamwuliza maswali saba, kisha akamtangazia metali yake na kumwonyesha safu yake. Aur- walikaa dirishani. Plumb- walikaa nyuma, karibu na mlango, penye sinki linalovuja. Safu haikubadilishwa miaka minne. "Metali haipandi cheo," alisema. "Risasi uliyoiweka kabatini jana, leo utaikuta risasi."

Yote aliyaandika katika daftari kubwa la jalada gumu la kijani: jina, tarehe, mzizi. Mstari wa kwanza kabisa, wa mwaka 1968, ni wake mwenyewe. Aliandika Aur-. Hakuna mahali palipoandikwa nani alimpima.

Lazima isemwe kwamba alifundisha vizuri. Hakuna aliyepita mikononi mwake akasahau mizizi ile, hata wa sinkini. Daktari wa meno aliyeketi pale mbele ni mmoja wa plumb- wa mwaka 1983. Marehemu alipostaafu, jino lilimsumbua, akapelekwa kliniki bila kujua ni ya nani. Daktari alimlaza kitini, akamfungua mdomo, akamwekea vyuma vyake, ndipo akauliza, "Mwalimu, unanikumbuka? Plumb-, safu ya mwisho, pale sinkini." Marehemu, mdomo ukiwa wazi, alitoa sauti fulani. Daktari akaendelea taratibu, "Usijali, nakuzibia kwa argent- na hydrargyr-. Aur- ipo, lakini naona hukustahili." Marehemu alirudi nyumbani shavu limevimba, akasema yule daktari ni fundi mzuri, kisha akafungua daftari. Tulidhani atamrekebishia mstari wake. Aliandika pembeni: "Ana kinyongo. Plumb-."

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo za harusi, ambaye siku ile alivaa gauni aliloshona mwenyewe kwa majuma sita. Katika hotuba yake bwana harusi aliwatangazia wageni metali ya mke wake. "Huyu ni ferr-," alisema. "Chuma. Ana nguvu, anafaa kazi zote. Lakini ukimwacha kwenye unyevu, anaota kutu." Watu walicheka, na bibi harusi akacheka nao. Baadaye, katika miaka arobaini ya ndoa, kila mama alipolia, marehemu hakumwuliza una nini. Alinyoosha kidole kuelekea shavu lake na kusema, "Kutu, kutu." Mama alijifunza kulia akiwa ameinamia cherehani, mguu ukikanyaga, ili sauti isitoke.

Mungu aliwajalia watoto watatu: mvulana mwaka 1972, msichana mwaka 1975 na msichana mwingine mwaka 1979. Nyumbani palikuwa na kabati la kioo lenye rafu saba, na kila rafu ilikuwa na chupa moja yenye metali kidogo na kibandiko cha mzizi wake. Dhahabu, ambayo ilikuwa jino la bibi yake aliyekwisha kufariki, ilikaa juu kabisa. Risasi ilikaa chini, maana ndiyo iliyokuwa nzito. Kila mtoto alipotimiza miaka saba alisimamishwa mbele ya meza ya chakula siku ya Jumapili, akaitaja mizizi kutoka juu kwenda chini, akapewa wake. Kaka alitaja yote bila kumeza mate: aur-. Dada alikwama mara moja, kwenye zebaki: argent-. Kuanzia siku hizo waliitwa Auri na Argenti, na wengi wenu mnadhani hayo ndiyo majina yao.

Mtoto wa tatu ndiye aliyepewa kazi ya kulifuta kabati vumbi. Alianza akiwa na miaka mitano, na kimo chake kiliishia rafu ya chini, kwa hiyo alianza na chupa ya risasi. Alipozidi kurefuka alifikia bati, kisha chuma, na mama, sindano zikiwa mdomoni, alimfundisha kusoma kibandiko kila alipopanda rafu moja. Alipofika miaka saba aliijua mizizi yote, bila kukwama hata mmoja, hata zebaki iliyomtoa jasho dada yake. Lakini aliijua kwa mpangilio wa vumbi. Jumapili ile, tarehe 20 Julai 1986, kabla hajaitwa mezani, alimnong'oneza mama kwamba anaogopa. Mama akamwambia, "Anzia chini, mwanangu, unapopajua. Juu utafika tu."

"Haya," marehemu alisema. "Mizizi."

"Plumb-," mtoto alianza.

"Inatosha. Umejitaja mwenyewe."

"Baba, bado kuna—"

"Nimesema inatosha. Kaa ule."

Kaka alicheka. Dada, ambaye hakuwa mbaya, aliangalia sahani yake. Mama alisema, "Baba Auri, mwache amalizie, anaijua yote," na marehemu akamnyooshea kidole shavuni kabla chozi halijatoka. Daftari lilifunguliwa palepale, kati ya chumvi na jagi la maji. Binti aliitwa Plumbi tangu siku hiyo, nyumbani, shuleni, na hata na muuza maziwa.

Watu huuliza kama jina linaweza kumdhuru mtu. Kaka alilipiwa masomo ng'ambo. Dada alisomeshwa uhasibu. Plumbi alipofika kidato cha pili marehemu alimtoa shule, ingawa alikuwa wa nne katika darasa la watu arobaini na mmoja, kwa maelezo kwamba risasi ikiongezwa moto haigeuki kitu kingine, inayeyuka tu. Alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi bomba wa mtaa wa pili. Mwaka 1999 alipata cheti chake cha ufundi, akakileta nyumbani akakiweka mbele ya baba yake. Marehemu alikisoma pande zote mbili. Akacheka, jambo alilolifanya kwa nadra. "Unajua kwa Kiingereza kazi yako inaitwaje?" akamwuliza. "Plumber. Limetoka kwenye plumb-. Warumi walitengeneza mabomba kwa risasi. Miaka kumi na mitatu iliyopita niliona. Nani mwingine angeona?" Alimwonyesha kila mgeni cheti kile kwa muda wa mwaka mzima. Binti alikuwa amesubiri baba yake amwonee fahari, na hiyo ndiyo fahari aliyoipata.

Mama alifariki tarehe 2 Mei 2011. Siku tatu kabla ya hapo alimshika Plumbi mkono akamwambia, "Mimi ndiye niliyekwambia uanzie chini. Nisamehe." Plumbi alimwambia hakuna cha kusamehe. Anaeleza hapa hadharani kwamba huo ndio uongo pekee aliowahi kumwambia mama yake, na kama angepewa nafasi angeusema tena. Marehemu aliandika katika daftari: "Ferr-. Imekwisha."

Tarehe 9 Februari 2021 marehemu alipata kiharusi akiwa bafuni. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakaondoka karibu yote. Daktari alitueleza kwamba wagonjwa wengine hubakiwa na maneno machache ambayo ulimi umeyazoea mno. Marehemu alibakiwa na matatu: "maji", "hapana" na "inatosha". Kaka alipiga simu akasema tusijali, atakuja. Dada alikuja Jumapili za mwanzo wa mwezi, akiwa na matunda. Plumbi alifunga karakana yake, akarudi katika chumba alimolelewa, akabomoa bafu lote kwa mikono yake, akashusha sinki, akaweka vyuma vya kushikia ukutani, akapitisha bomba la maji ya moto mpaka kando ya kitanda. Alimwogesha baba yake kila asubuhi kwa miaka miwili na miezi minane. Fundi mwenzake aliyepita kumsaidia aliliangalia bafu lile akasema hata hospitali hawana. Marehemu alipoogeshwa humo mara ya kwanza alisema, "Hapana."

Msidhani Plumbi alikuwa anafanya hayo kwa wema tu. Alikuwa na jambo lake. Alitaka amalizie. Asubuhi moja, akiwa anampaka sabuni mgongoni, alisema, "Baba, naomba nikutajie mizizi. Dakika moja tu. Plumb-, stann—" Marehemu akasema, "Inatosha." Alijaribu tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Alijaribu akimlisha, akimnyoa, akimbadilisha shuka. Wakati mwingine alifika chuma. Mara moja, marehemu akiwa na usingizi, alifika shaba. "Inatosha." Shangazi alimkuta siku moja amekaa sakafuni mwa bafu lake zuri analia, akamwuliza, "Sasa wewe, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, unataka nini kwa huyu mzee?"

"Nataka anisikilize saba tu, Shangazi. Saba."

"Huyu? Huyu hata vijiko vyangu hakuvisikiliza."

Mwezi uliopita, tarehe 11 Septemba, marehemu alionyesha kwa mkono wa kushoto kwamba anataka daftari. Plumbi alimletea na kumshikia kalamu mpaka vidole vikaizoea. Akamwekea ubao mapajani. Marehemu akamwashiria ageuke. Aligeuka, akatazama ukuta, na nyuma yake akasikia kurasa zikifunguliwa mpaka karibu mwanzoni, zilipo kurasa za familia. Marehemu aliandika kwa karibu saa nzima. Kisha akafunga daftari, akaonyesha kabati, likarudishwa. Plumbi hakulifungua. Mtu aliyesubiri miaka thelathini na saba anaweza kusubiri siku chache, hivyo ndivyo alivyojiambia, na siku zile alimwogesha baba yake akiimba. Aliwaambia hata wateja wake kwenye simu kwamba baba amemwandikia kitu. Majirani mnaokumbuka alivyowapita sokoni akicheka peke yake, sababu ndiyo hiyo.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne na robo asubuhi, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi. Neno lake la mwisho lilikuwa "maji". Alipewa.

Juzi alasiri familia ilikaa kwenye meza ileile ya chakula kupanga mazishi. Kaka alikuwa kwenye simu, sauti imewekwa wazi wote wasikie. Plumbi alitoa daftari kabatini akaliweka katikati ya meza. Alimwomba Shangazi alifungue, kwa kuwa yeye asingeweza. Shangazi aliweka miwani, akatafuta mstari wa tarehe 20 Julai 1986. Chini yake palikuwa na maandishi mapya, makubwa, yaliyopinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Soma, Shangazi."

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Labda mkono ulimponyoka," alisema.

"Soma."

"'Plumb-,'" Shangazi alisoma. "'Amepimwa tena. Sahihi.'"

Ilichukua saa nzima. Binti ameyahesabu yale maneno mara nyingi tangu juzi, na ni manne. Alitumia nguvu zake za mwisho kuhakiki.

Argenti alisema, "Tafadhali, hili lisiingie kwenye wasifu." Auri alisema kutoka kwenye simu kwamba baba alipenda utani na tusilikuze jambo. Plumbi alifunga daftari. "Litaingia," alisema. "Alitaka tarehe ziwe kamili na kila kitu kiwe mahali pake. Namheshimu." Shangazi aliomba sehemu hii iondolewe, lakini aliomba asubuhi ya leo, na ratiba mlizoshika mikononi, zilizobeba wasifu huu, zilikuwa zimeshachapwa.

Kuhusu mstari wa marehemu mwenyewe, ule wa mwaka 1968, Plumbi aliuangalia kwa muda mrefu akiwa na kalamu mkononi. Hakuandika kitu. Si kwa huruma. Alimwogesha mtu huyu kwa miaka miwili na miezi minane, akambeba, akamgeuza, akamjua uzito wake kwa mikono yake mwenyewe. Anajua jibu. Ameamua kubaki nalo, na marehemu aende bila kuambiwa, kama alivyowanyima wengine wengi kilichokuwa chao. Daftari liko humo kwenye jeneza, chini ya mkono wa kushoto. Wanafunzi wa zamani mliokuja mkitumaini kuona mistari yenu, poleni.

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu wanne ambao hakuna aliyefikisha miaka saba marehemu akiwa bado na uwezo wa kumpima, na wanafunzi zaidi ya elfu mbili, waliokaa dirishani na waliokaa sinkini. Ameacha kabati lenye chupa saba. Ameacha bafu moja lililojengwa vizuri.

Mtoto wa tatu anaomba dakika moja kabla jeneza halijashushwa. Shangazi, kaa tu. Tarehe 20 Julai 1986 alikuwa amefika kwenye mzizi ule wa kwanza.

Plumb-.

Stann-. Ferr-. Cupr-. Hydrargyr-. Argent-.

Aur-.

Yote saba, Baba. Upumzike kwa amani, na huko uendako usimkatize mtu.